Milango ya Kloridi na Mtihani wa Muuza Nyama

Nimekuwa katekista wa parokia yetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa miaka thelathini na mmoja, na karibu muda huo wote waumini wameniheshimu kwa jambo nisilolistahili. Wao wakiinuka baada ya kupiga magoti, mimi hubaki chini. Kwaya imekwisha kuanza wimbo, watoto wameketi, akina mama wamezirekebisha leso zao, nami bado niko magotini, kichwa nimekiinamisha, mikono imeshika benchi la mbele. Akina mama huwanong'oneza watoto wao: tazameni Mwalimu anavyozama katika sala. Kumbe ninangoja miguu.

Tangu utotoni misuli yangu hukaza ninapoanza kujongea baada ya kutulia. Nikimshika mtu mkono kwa nguvu, vidole hukawia kumwachia, na wageni hudhani nimewapenda sana. Hatua ya kwanza huwa kama ya mtu aliyemwagiwa saruji, ya tatu ni nafuu, na nikishafika kwenye kona ya duka la mkate natembea kama mtu yeyote. Hainiumi. Haikunizuia kujenga vyumba vya nyongeza nyuma ya nyumba yetu kwa mikono yangu mwenyewe, wala kulea watoto watano. Kwa hiyo nikingoja miguu kanisani nilikuwa nikisema sala fupi, nikajiambia kwamba hapo hakuna uongo, na jambo hilo nikaliacha lilivyo.

Jumamosi moja, mwaka juzi, majuma matatu kabla ya Askofu kuja kutoa sakramenti ya Kipaimara, nilimwangusha muuza nyama kwa mara ya tatu.

Ni mtu wa umri wangu, mzaliwa wa magharibi mwa nchi, mwenye mabega mapana na bucha pale Soko la Burma. Alibatizwa akiwa mchanga, akaja Nairobi kijana, akapata kazi ya kubeba nyama, kisha akapata mke, na mambo ya kanisa yakabaki nyuma kama mzigo uliosahauliwa stendi. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini bila ndoa ya kanisani. Mke wake, mwanamke wa Murang'a aliyelelewa na masista, hakosi misa hata moja. Lakini kwa kuwa ndoa yao haikuwa imebarikiwa, hakuwa akipokea Komunyo. Kila Jumapili wenzake wa jumuiya walipopanga foleni, yeye alisogeza magoti kando ili wapite, akabaki kwenye benchi akiwashikia mikoba.

Kwa utaratibu wa parokia yetu, mtu hafungi ndoa kabla ya Kipaimara, na hapokei Kipaimara kabla ya kupita kwangu. Huyu mzee alikuwa amejiandikisha katika darasa langu kwa sababu moja tu, naye aliitaja mbele ya darasa zima siku ya kwanza. "Nimekuja ili mama watoto ale meza ya Bwana," alisema. "Nimemchelewesha vya kutosha."

Mtihani wenyewe niliurithi kwa katekista aliyenitangulia. Mtu huingia peke yake kwenye ofisi ndogo kando ya sakristia, husimama mbele ya meza, nami nasoma swali kutoka kwenye karatasi. Akinyamaza, nahesabu moyoni mpaka kumi, kisha naweka alama. Ukianguka mara tatu, unarudi kuanza darasa upya, na darasa la watu wazima ni miaka miwili.

Siku hiyo nilimwuliza, "Taja mapaji saba ya Roho Mtakatifu."

"Hekima," akasema. Akatazama dari. Jasho likamtoka juu ya mdomo. "Mwalimu, yako hapa," akajigusa kifua, "ila yamekataa kutoka."

"Usiwe na haraka," nikamwambia. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu na yeye alikuwa akiitazama.

Nilipofika kumi nikaweka alama. Akachukua kofia yake kwenye kiti. "Miaka miwili," akasema polepole, kama anayepima kitu. "Sawa. Mama watoto nitamwambia mwenyewe. Usimtumie mtu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na amani ya mtu aliyefanya wajibu wake, na nikamkuta binti yetu wa mwisho sebuleni. Anasoma sayansi ya seli chuo kikuu, shahada ya pili. Kati ya watoto wetu watano ndiye pekee aliyerithi misuli yangu, na ndiye aliyetuletea nyumbani habari kwamba ugonjwa huu una jina na una sababu. Jumanne iliyofuata angesimama mbele ya wahadhiri wake kueleza utafiti wake, na alikuja kujizoeza kwetu. Alitaka kueleza kwa Kiswahili kitupu. Alisema mama yake akielewa, wahadhiri hawatamsumbua.

Mke wangu alikuwa akimenya njegere. "Anza," akasema, "lakini usitumie maneno ya kututisha."

"Mama, msuli hujikaza kwa umeme mdogo," binti akaanza. "Umeme ukiisha kazi yake, lazima utulizwe. Kinachoutuliza ni kloridi. Unaijua. Ndiyo nusu ya chumvi hii unayotia kwenye mboga. Juu ya ngozi ya kila uzi wa msuli kuna milango midogo sana ya kupitishia hiyo kloridi. Ikipita, msuli unalegea. Mimi na Baba milango yetu ina kasoro. Umeme unabaki unanguruma, na msuli unakawia kulegea."

"Kwa hiyo mnakosa chumvi," akasema mke wangu.

"Chumvi tunayo. Mlango ndio shida."

Akasimama, na hapo miguu yake ikamkatalia kidogo, akashika ukingo wa kochi mpaka ikamkubali. Kisha akavuta kitambaa kilichofumwa kutoka mgongoni mwa kochi.

"Rudisha kitambaa changu," akasema mama yake.

"Nitarudisha. Tazameni. Mlango huu umetengenezwa kwa protini, na protini hutoka kiwandani mwa seli kama uzi mrefu. Haiwezi kazi mpaka ikunjwe ipate umbo lake." Akakikunja kile kitambaa pembe kwa pembe. "Wakati inajikunja, ziko protini nyingine zinazoishikilia, zisiiache ijisokote ovyo. Kwa Kiswahili nimeamua kuziita wasimamizi."

Nikafurahi. Kila mtoto wa Kipaimara huwa na msimamizi wake, anayemwekea mkono begani mbele ya Askofu. Nikasema kazi hiyo naijua.

"Wana kazi ya pili, Baba. Wanakagua. Protini ikishindwa kupata umbo, wasimamizi haohao huikabidhi kwa wakataji. Inakatwa vipande vidogo, vipande vinatumika kwingine." Akakikunja kitambaa tena, safari hii pembe moja akaiacha nje. "Sasa huu ndio mlango wenye kasoro. Katika maagizo ya kuutengeneza, herufi moja tu imebadilika. Umekunjika karibu sawa. Wasimamizi wanaushika, wanaugeuza, wanaona hii pembe. Wanaupeleka ukakatwe. Haufiki kwenye ngozi ya msuli hata siku moja."

"Na wako sawa," nikasema. "Kilichoharibika kitapitaje?"

"Hawajakosea kuona, Baba. Kweli umbo si sawa. Lakini hawaulizi kama mlango ungeweza kupitisha kloridi."

Akaeleza alichofanya. Katika maabara yao wana seli zinazoishi kwenye visahani, zilizotiwa milango yenye kasoro. Kwa dawa kidogo alimlegeza mkono msimamizi mmoja, yule aliye mkali kupita wenzake. Milango mingi zaidi ikaponyoka kukatwa, ikafika kwenye ngozi ya seli. Ndipo akapima umeme.

"Ikawaje?" mke wangu akauliza. Alikuwa ameacha njegere.

"Inapitisha, Mama. Haifikii mlango mzima, lakini inapitisha."

"Basi waondoeni hao wasimamizi wote," nikasema, nusu kwa mzaha.

"Ukiwaondoa wote, hata milango mizima itashindwa kujikunja. Hatuwezi kuishi bila wao. Tunawalegeza tu, tena kidogo." Akarudisha kitambaa kochini na kukinyoosha. "Na isiwe kwamba nawaahidi kitu. Hii bado si dawa, ni seli kwenye kisahani. Iko milango mingine yenye kasoro ambayo hata ikifika mahali pake haifunguki. Yetu sijui iko kundi gani."

Mke wangu akasema ameelewa somo lote, akauliza kama wahadhiri watapewa chai. Kisha akanigeukia. "Mzee, unawaza nini?"

Nikawaeleza habari za muuza nyama.

"Umemwangusha tena?" akasema. "Yule anayetukatia maini vizuri?"

"Hakujibu. Nilimpa muda."

"Muda gani, Baba?" binti akauliza.

"Mpaka kumi."

"Ukihesabu kumi tangu uinuke kwenye hicho kiti, wewe mwenyewe utakuwa umefika wapi?"

Mke wangu akacheka mpaka njegere zikamwagika. Mimi sikucheka. Nilimwambia binti kwamba imani si msuli, na sakramenti hazigawiwi kama peremende. Aliniitikia kwa adabu, "Ndiyo, Baba," kwa namna ile ya kumwachia mtu mzima neno lake alitafune mwenyewe.

Jumapili nililitafuna. Wakati wa Komunyo nilisaidia kugawa, nikarudi mahali pangu na kupiga magoti, na watu walipoketi miguu yangu ikafanya kama kawaida yake. Nikiwa pale chini, kichwa kimeinama, niliweza kuona chini ya mabenchi mpaka safu ya tatu. Niliona viatu vya mke wa muuza nyama, vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, vimesimama pamoja bila kwenda popote. Nilivitazama viatu hivyo mpaka magoti yakalegea, na hata baada ya kulegea sikuinuka. Siku hiyo wale akina mama walionong'ona hawakukosea, kwa maana niliomba kweli. Nilimwambia Mungu kwamba kazi ya kumlindia mlango nimeifanya kwa uaminifu, na nikamwuliza kama kuna watu nimewakata ambao yeye angewapitisha. Sikupata jibu la maneno. Nilipata tu hamu ya kwenda Burma.

Jumatatu asubuhi nilikwenda. Alikuwa nyuma ya kioo, aproni nyeupe, mguu wa ng'ombe ukining'inia mbele yake. Aliponiona alifuta mikono.

"Mwalimu. Leo ni maini ama ni matumbo?"

"Leo nimekuja kukwambia jambo, halafu uniambie jambo," nikasema. "Wewe endelea na kazi."

Nikaketi kwenye stuli ya wateja. Nikamweleza juu ya magoti yangu. Nikamwambia kwamba miaka yote hii nikibaki chini baada ya watu kuinuka si utakatifu, ni miguu iliyokwama, na sikuwahi kumsahihisha mtu.

Kisu kikasimama hewani. "Mwalimu, unajua umenitesa?" akasema. "Kila Jumapili tukirudi nyumbani mama watoto ananiambia, umeona mwenzako anavyosali, wewe unakimbilia kuketi kama umeitwa chakula. Miaka mingapi hiyo. Na kumbe umekwama."

Akacheka kwa sauti, mwili mzima, na wateja wawili waliokuwa wakingoja wakacheka bila kujua sababu. Alipomaliza kucheka akarudi kwenye nyama. Nikamwacha akate kidogo. Mikono yake ilipokuwa imeshika mwendo, nikasema kana kwamba naendeleza mazungumzo, "Hivi yale mapaji saba, ukiwa hapa huwa unayafikiria?"

"Kila siku," akasema bila kuinua macho. "Nilivyoona hayakai kichwani, niliyapanga hapa. Elimu, Mwalimu, ni hii." Akapitisha kisu kwenye kiungo na mguu ukaachana bila sauti. "Kujua mfupa ulipo kabla hujaukuta. Nguvu ni saa kumi na moja asubuhi nikishusha nyama kwenye gari. Shauri ni mama akija anataka nyama ya mchuzi na anaonyesha ya kuchoma. Simwuzii tu, namwelekeza. Akili ni kuelewa kwa nini ametaka ya kuchoma."

"Kwa nini ametaka ya kuchoma?" akauliza mteja mmoja, kijana wa kofia.

"Ana wageni. Ngoja zamu yako." Akaweka kipande kwenye mizani. "Uchaji wa Mungu ni hii mizani. Hakuna ambaye angeniona nikiibonyeza ili iongeze uzito, lakini siibonyezi. Ibada ni kupangusa meza hii jioni hata kama hakuna aliyebaki. Na hekima nilikutajia Jumamosi."

Nilihesabu kwa vidole. Yalikuwa saba. Hayakuwa kwa mpangilio wa kitabu, lakini hakuna lililokosekana.

"Na sakramenti?" nikamwuliza.

"Ubatizo nilipata. Kipaimara umeninyima. Ndoa nimenyimwa kwa sababu ya Kipaimara. Ekaristi mama watoto amenyimwa kwa sababu ya ndoa. Kitubio kila nikikutazama nataka kwenda. Mpako wa wagonjwa uko njiani, kwa umri huu. Na upadre nimechelewa."

"Buda, hapa ni bucha ama ni misa?" akasema yule kijana. "Mi nataka robo tu."

"Utapata robo na baraka," akasema muuza nyama. "Sasa wewe, amri ya nne inasemaje?"

"Waheshimu baba na mama."

"Basi usiniite buda."

Watu walijaa. Mama mmoja mwenye kikapu, wa dhehebu jingine kabisa, alianza kumsaidia katika Kanuni ya Imani, na alipokosea yeye ndiye aliyesahihishwa. Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilimwuliza kila swali lililokuwa kwenye karatasi yangu, na nililigeuza kila moja kidogo lisifanane na mtihani. Mahali pawili alikwama, mikono ikaendelea na kazi, na baada ya muda jibu likaja. Sikuhesabu. Swali moja hakulijua kabisa, nikamfundisha palepale, akalirudia mara tatu akiwa anafunga nyama kwenye karatasi.

Alipopata nafasi akanitazama. "Mwalimu, sema sasa lile jambo ulilotaka nikwambie."

"Umekwisha kuniambia," nikasema. "Umepita."

Alivua aproni, akaikunja, akaiweka, akaichukua tena na kuivaa. Kisha akamwambia yule kijana wa kofia kwamba robo yake ni bure, na mama mwenye kikapu akadai yake iwe bure pia, kwa kuwa ndiye aliyefundisha. Ilibidi nimwokoe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Padri nikamweleza yote, pamoja na habari za magoti. Aliniuliza kama mzee alijibu vizuri. Nikamwambia alijibu vizuri, yeye na wateja wake. Padri akaandika jina kwenye orodha, akaniuliza nina wengine wangapi niliowarudisha namna ile. Nikataja wanne niliowakumbuka. Tangu hapo mtihani nauendea mahali mtu anapofanyia kazi: kwa fundi wa viatu, kwa mama wa mboga, kwa askari wa lango. Bado nauliza kila swali, na bado wapo wasiojua, nao nawafundisha tena. Wasipojua najua hawajui.

Binti yangu alisimama mbele ya wahadhiri Jumanne ile. Alifika mapema akauzunguka ukumbi mara kumi ili miguu isimwaibishe, na akapita. Alitupigia simu akasema hakuna mhadhiri aliyeuliza swali gumu kuliko la mama yake kuhusu chumvi. Anaendelea na visahani vyake. Namwombea kila siku, yeye na wale wasimamizi wake, nao ni viumbe vya Mungu wanaofanya kazi waliyopewa.

Askofu alikuja. Muuza nyama alipakwa mafuta akiwa kati ya vijana wa miaka kumi na minne, akiwapita wote kwa kichwa na mabega, na mimi ndiye niliyemwekea mkono begani. Miezi miwili baadaye, Jumamosi asubuhi, alifunga ndoa na mama watoto wake. Wajukuu ndio waliotangulia na maua, na Burma nzima ilihamia kanisani, wengine wakitoka kazini na buti za mpira. Wakati wa Komunyo nilisimama kando ya Padri nikishika kisahani chini ya kidevu cha kila anayepokea. Mume alipokea kwanza. Kisha mke akaja mbele, akafungua mdomo, akapokea, na akarudi mahali pake akitembea haraka sana, kama mtu anayeogopa kuitwa nyuma.

Baada ya misa tulikuwa uani tukipangwa kwa ajili ya picha. Alitoka kwenye mstari akanijia, gauni amelishika mkono mmoja.

"Mwalimu, naomba uniambie ukweli," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na haraka hata sikumbuki. Padri aliposema Mwili wa Kristo, mimi nilijibu Amina, ama nilijibu Asante?"

"Ulijibu yote mawili," nikamwambia. "Ulianza na Asante."

Akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika kwa kicheko. "Na inakubalika?"

"Ulikuwa umeshameza," nikasema. "Nenda kwenye picha, mume wako anaita."